Vipepeo wa kuta za Nairobi na vile nilijifunza kuwachora wakiwa hai

Ingia nasari yoyote hapa Nairobi, iwe Kayole ama Kawangware, na karibu na geti utapata kipepeo amechorwa, na karibu kila mahali ni yule yule, rangi ya chungwa, mishipa myeusi minene, vidoti vyeupe pembeni. Huyo si wa hapa. Ni monaki wa Marekani, yule anayesafiri kila mwaka kutoka Kanada na Marekani mpaka misitu ya milimani kule Meksiko, na Kenya haishi, ila ukitafuta picha ya kipepeo kwa simu ndiye anakuja mbele kwa hivo ndiye anaishia kwa ukuta. Na si ati tumekosa wetu. Kenya iko na aina zaidi ya 800 za vipepeo, na wengi unaweza kuwaona bila kupanda gari ya kutoka tao, nenda tu Karura, City Park, Arboretum, ama usimame kwa maua ya jirani saa nne asubuhi jua likiwa limeshika.

Mimi kazi yangu ni kuchora. Kuta za shule, kuta za maduka, mathree mara moja moja, na kwa miaka ya hivi karibuni wadudu ndio wamekuwa kazi ninayoipenda kuliko zote mpaka watoto wa mtaa wananiita anti wa dudu. Naandika hii juu vijana wengi wanaingia hii kazi saa hii, wako na mkono mzuri kunishinda nilipokuwa umri wao, na wakinipata wananiuliza rangi gani, bei gani, mikebe mingapi ya spreyi, na nawajibu, lakini natamani waniulize pia huyo mdudu anakula nini na anakaa wapi, juu huko ndiko kuchora kwangu kulibadilika.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa saini, wale wa zamani wa kuandika jina la hoteli na kuchora sahani ya pilau kwa ukuta mkono mtupu bila stensili. Alikuwa na tabia moja. Akipewa kazi ya kuchora kuku kwa bucha haanzi mpaka aende nyuma ya ploti asimame aangalie kuku akitembea, anaangalia miguu sana, anarudi ndio anafungua rangi. Sasa nilipopata kazi yangu ya kwanza ya nasari na mwalimu mkuu akasema anataka maua na vipepeo, fundi aliniuliza swali moja tu, "Kipepeo wa hiyo shule umemwona?" Hakungoja jibu, akaendelea kuosha brashi yake na thina.

Hiyo shule ilikuwa na mlimau kando ya tangi la maji. Nikaanza kukaa hapo kabla ya kazi na chai yangu, na huo mti ndio ulinifungua macho. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, wengi mmemwona hata kama hamjui jina, wanasayansi wanamwita Papilio demodocus, anakuja anazunguka majani machanga na anataga yai moja hapa moja pale, dogo la njano nyepesi. Kiwavi akitoka ni kahawia na mweusi na ana baka jeupe katikati, na ukimwona kwa jani unaapa ni mavi ya ndege, na hiyo ndiyo kinga yake juu hakuna ndege anataka kula hiyo kitu. Akikua anageuka kijani na mistari ya kahawia. Sasa mguse polepole na kijiti. Nyuma ya kichwa kunachomoka pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimeungana chini, zinatoa harufu kali ya ajabu, alafu zinarudi ndani kama hazikuwahi kuwa. Nilimwonyesha mtoto mmoja wa PP2, akapiga nduru, akakimbia, na baada ya dakika akarudi na darasa zima.

Kwa hivo ukuta tukaupanga kufuata huo mti. Nilichora tawi la mlimau kubwa kuanzia geti mpaka dirisha la jikoni, majani urefu wa mkono wangu, na mdudu kwa kila hatua yake lakini si kwa mpangilio wa kitabu cha sayansi na mishale, nilimtawanya vile anatawanyika kwa mti. Kipepeo mwenyewe nilimweka juu. Viwavi niliwaweka chini kabisa, kimo cha macho ya mtoto wa miaka minne, na yule wa mavi ya ndege nilimficha karibu na bomba la maji ili atafutwe. Na wakamtafuta! Walimu waliniambia watoto wakimaliza kuwatafuta wa ukuta wanaenda kwa mti kutafuta wa kweli, wanahesabu, wanabishana ni wangapi. Mzee wa shamba hapo shuleni alikuwa anapanga kupiga huo mti dawa, na ni haki yake kuwaza hivo juu viwavi wanakula majani na mti mdogo unaweza kuteseka, lakini mwalimu mkuu akamwambia matawi ya chini yaachwe. Wakakubaliana hivo.

Hapo ndipo nilishika jambo ambalo nalishikilia mpaka leo, kwamba mchoro wa mdudu ukikaa karibu na mdudu mwenyewe unafanya kazi mara mbili. Mtoto anatoka kwa rangi anaenda kwa jani. Monaki wa Marekani hawezi kumpeleka popote.

Kitu kingine kilichonibadilisha ni Makumbusho, pale Museum Hill. Nilionyeshwa vipepeo waliohifadhiwa kwa masanduku, wamepigwa pini katikati ya kifua, mbawa zimevutwa zikanyooka. Yule mtu wa wadudu alinieleza kwa upole kwamba mbawa za mbele huvutwa juu hivo makusudi, ukingo wa chini wa ubawa wa mbele ufanye pembe mraba na mwili, ili mtafiti aone alama zote za mbawa zote nne. Kipepeo hai hakai hivo. Akipumzika wengi wanafunga mbawa juu ya mgongo, zinakuwa kama ukurasa mmoja uliosimama, na akizifungua aote jua mbawa za mbele zinashuka zinafunika sehemu ya zile za nyuma. Sasa zunguka mji uangalie tena. Karibu kila kipepeo wa ukutani, wa tishati, wa kadi ya harusi, amekaa vile anakaa kwa sanduku, ikimaanisha tumechora maiti na tukaipa maua. Kuna msanii wa Ufaransa anaitwa Mantra ambaye anachora vipepeo wakubwa ghorofa nzima ndani ya masanduku kama ya makumbusho, na kivuli cha sanduku anakichora, na kazi yake naiheshimu sana juu anajua anachosema na anakisema wazi. Lakini kwa geti la nasari, kwa ukuta wa zahanati, mimi nataka aliye hai. Mchore kwa ubavu, mbawa zimefungwa, upande wa chini unaonekana, na huo upande wa chini mara nyingi una rangi tamu kuliko wa juu na hakuna mtu ameuchora.

Miguu pia. Mdudu ana miguu sita na yote inatoka kifuani, mbawa pia zinatoka kifuani, hakuna kitu kinatoka tumboni, na hiyo peke yake ukiifuata mchoro wako unasimama. Lakini kuna familia kubwa ya vipepeo ambao miguu miwili ya mbele imefupika sana, wameibana kifuani, kwa hivo ukimwona kwa ua amesimama kwa minne. Mwalimu wa sayansi alikuja mbio kunisahihisha siku moja, ati nimemchora kwa miguu minne, na tukaenda pamoja kuangalia kwa ua la nje, tukachutama hapo, mwishowe akaita darasa lake.

Na kama mtu lazima achore kipepeo wa chungwa, basi tuko na wetu, jamani. Danaus chrysippus, ni wa ukoo mmoja na yule wa Marekani ila ni mdogo na mbawa zake za chungwa hazina ile mistari minene, na ncha za mbele ni nyeusi na ukanda mweupe. Kiwavi wake anakula ile mimea ya maziwa meupe, mmoja wao ni ule wa vifuko vya hewa vyenye vinywele laini unaoota kando ya barabara na kwa viwanja vilivyoachwa, ule watoto wanaminya vifuko vyake. Sumu ya hayo maziwa anaibeba mwilini mpaka anapokuwa kipepeo, na ndege akimjaribu anatapika na hamrudii. Kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike wake anafanana naye karibu kila kitu, anapitia mlango wa sumu ya mwenzake, na dume wake hafanani nao hata kidogo, mweusi na madoa makubwa meupe. Hao watatu nikiwachora pamoja kwa ukuta nawaacha watu wagundue wenyewe nani ni nani. Nairobi hapa pia ndio sehemu ambapo jamii tofauti za huyo Danaus zinakutana na kuchanganyikana, na watafiti wamegundua kuna bakteria anayepitishwa na mama kwa mayai na kuua watoto wa kiume kabla hawajatoka, kwa hivo kuna wakati unaona vipepeo wengi uwanjani na karibu wote ni majike. Nilipoelezwa hii kitu nilikaa kimya. Kiwanja cha kando ya stage, mahali pa kutupa chupa, kumbe kuna mambo mazito hivo yanaendelea.

Nairobi pia ndio mji wa icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, iko Kasarani na kampasi yake inaitwa Duduville. Ukipita Thika Road unapita karibu nayo. Mji wenye kitu kama hicho ulipaswa kuwa na wadudu kwa kila daraja na kila flaiova, hivo ndivo mimi naona, na vijana wa kuchora wako, tumewaona kwa vituo vya sanaa kama GoDown na Kuona, tumeona kazi zao kwa uga wa Makumbusho ya Reli.

Sasa mambo ya rangi kidogo, nisiwachoshe. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na karibu na ikweta, jua la hapa linakula rangi, hasa nyekundu na njano za bei rahisi, zinapauka ukiziangalia. Rangi ya chungwa ya kipepeo wetu mimi naipata kwa kuchanganya redoksaidi, ile ile ya kupaka mabati, na njano ya oksaidi, haing'ai sana lakini inakaa miaka. Plasta mpya usiiguse kabla ya wiki nne hivi, chokaa iliyo ndani inaharibu rangi. Ukuta wa zamani uoshe na sabuni kwanza juu moshi wa magari unakaa hapo kama mafuta, piga msasa, piga undakoti, ngoja ikauke kabisa. Na sehemu ya chini ya ukuta mvua inarusha matope mekundu kila msimu, kwa hivo huko weka vitu vya rangi ya udongo, siafu, mchwa, mizizi, matope yakija yanaingia kwa picha.

Kuna kitu rangi haiwezi. Ile bluu ya kung'aa ya vipepeo wengine haitoki kwa rangi yoyote, ubawa umefunikwa na magamba madogo sana kama vumbi na umbo lake ndilo linavunja mwanga hivo. Kereng'ende naye ubawa wake ni wazi, una mishipa tu na mwanga. Kwa hao nawaonea wivu watu wa vioo na mozeki. Kitengela kule, mahali msanii anayeitwa Nani Croze alianzisha kazi ya vioo 1979, ukiona vile kioo kinashika jua unaelewa kereng'ende anataka kutengenezwa na kioo. Na watu wa jua kali wa vyuma, wale wa kuuza kando ya Ngong Road, wanatengeneza siafu kwa plagi za gari na cheni ya baiskeli na anasimama sawasawa, kiuno chembamba, kichwa kikubwa, juu yule fundi amewaona siafu tangu utotoni na hahitaji picha.

Mathree ni habari nyingine. Fundi wangu alinihadithia vile sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilikuja 2004, kila matatu ikapakwa ule mstari wa njano, michoro ikafutwa na wachoraji wengi wakabaki bila kazi, na sasa nganya, zile matatu za michoro, zimerudi na nguvu zote. Mwenye gari mmoja alitaka nyuki, gari nzima, mzinga nyuma, kundi linakuja mbele mpaka kwa bampa. Nyuki ana mbawa nne na nzi ana mbili. Na nyuki wetu si wa njano ya ndimu, ni kahawia ya asali iliyoiva na mistari ya giza. Mwenye gari alitaka njano kali na pesa ni yake, tukaongea, tukakubaliana wale wakubwa wa ubavuni wawe wa rangi yao ya kweli na kundi la mbali liwe la kung'aa, na nikamwambia kitu ambacho nakiamini mpaka leo, gari ikiwa kwa mwendo mtu ana sekunde chache tu za kuona kwa hivo umbo lazima lisomeke kwa mbali, lakini gari ikikwama jam ya Jogoo Road abiria wa gari ya kando ana dakika ishirini za kuangalia mguu wa nyuki mmoja. Mchoree huyo pia. Huko Marekani kuna msanii, Matthew Willey, amejipa kazi ya kuchora nyuki 50,000 kwa kuta za dunia, idadi ya nyuki wa mzinga mmoja wenye afya, na mara nyingi nawaza kwa nini gari zetu zisifanye hiyo hesabu, ziko za kutosha.

Lakini kazi ambayo nairudia sana kwa mawazo ni ya Nairobi fly. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na kwa kliniki moja ya mtaani nilikuwa napaka rangi ya kawaida tu, njano chini nyeupe juu. Akaingia mama na mtoto, shingo ya mtoto imebabuka, malengelenge kwa mstari mrefu, nyekundu mbaya. Majirani walikuwa wamemwambia ni mkanda wa jeshi, mwingine akasema mtoto amemwagiwa kitu na mwenzake, na huyo mama alikuwa amelia mpaka macho yamevimba na ameshagombana na mama wa huyo mtoto mwingine. Nesi akaangalia mara moja. Akamuuliza, "Mama, usiku taa inawaka karibu na kitanda?"

Huyu mdudu si nzi, ni aina ya mbawakawa, na hang'ati wala hadungi. Ana sumu ndani ya mwili wake na inatoka ukimponda kwa ngozi, na watu wengi wanamponda bila kujua, wamelala, ama wanajipiga kofi wakifikiri ni mbu. Kesho yake ndio unaona moto. Anapenda unyevu na anafuata taa, kwa hivo mvua zikinyesha sana anazidi, wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 alisumbua watu vibaya sana. Na shambani ni rafiki, anakula wadudu wadogo wanaoharibu mazao.

Nesi akaniomba nimchore kwa ukuta wa nje karibu na bomba, mahali akina mama wanapanga foleni. Nikamchora mkubwa, urefu wa mlango, juu rangi zake ni za ajabu kweli, kichwa cheusi, kifua cha chungwa, vifuniko vya mbawa vifupi vya bluu inayong'aa kama chuma, tumbo la chungwa, ncha nyeusi. Nesi akatoka akaangalia, akasema ni mzuri lakini mtu akitoka hapa atatafuta mdudu mkubwa, mweke pia vile alivyo. Basi nikachora punje ya mchele, saizi ya kweli, na kando yake mdudu wa saizi ya kweli, hajaizidi punje sana. Hiyo sehemu ya mchele ndio watu wanaisogelea mpaka pua inagusa ukuta. Maneno tuliandika machache: usimponde, mpulize aende, ukimponda osha haraka na maji na sabuni, usijiguse macho. Baadaye nesi aliniambia watu wanakuja wakisema dada ni yule wa mchele, na yule mama wa kwanza alikuja kumleta jirani aliyekuwa amegombana naye aone kwa macho yake.

Kwa hivo mtu akiniambia sanaa ya wadudu ni urembo wa watoto namwelewa, lakini namwambia apite hapo kwa bomba.

Kangemi nayo ilinifunza kusikiliza. Nilikuwa nachora kumbikumbi wakitoka shimoni jioni, wengi wanapanda kuelekea taa ya barabara, na kabla sijamaliza upande mmoja watu walikuwa wamejaa nyuma yangu. Soja mmoja wa ghorofa ya jirani, mzee wa Vihiga, alinisimamia kidogo alafu akasema, "Binti yangu, kwa mlango wa shimo weka wale askari wenye kichwa kikubwa. Hawatoki bila walinzi." Na ni kweli kabisa, wakati wa kuruka askari wa mchwa wanasimama pale mlangoni. Akasema tena mbawa zirefuke, zipite tumbo, na zote nne ziwe urefu sawa, na hiyo ndiyo tofauti ya kumbikumbi na siafu mwenye mbawa ambaye za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Huyo mzee hakuwa ameisoma popote, amewashika kwa mkono tangu mtoto. Mama mboga akaingilia, ati chiswa, ndio hao kumbikumbi, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, mwingine akasema aka, wanaanikwa kwanza, ikawa mjadala mkubwa na mimi juu ya ngazi nikicheka na kuongeza askari mmoja mmoja vile mzee anaelekeza. Wengine walikuwa hawajaonja tangu waje mjini. Jamaa mmoja alisimama na ndoo yake ya maji mpaka giza likaingia, akinihadithia mama yake alikuwa anapiga vijiti juu ya shimo wafikirie ni mvua.

Huo ukuta haupo tena. Kampuni moja ilikuja ikapaka tangazo lake juu, rangi moja kutoka kona hadi kona, mwenye ukuta alipewa kitu kidogo na hakuna aliyeniuliza. Iliniuma na bado inaniuma, zaidi kwa ajili ya yule mzee. Vijana, andikeni makubaliano na mwenye ukuta hata kama ni karatasi moja ya daftari, miaka mingapi mchoro unakaa, nani anaurekebisha, na kama ukuta unaangalia barabara tafuteni ruhusa ya kaunti mapema, kanjo wakija uwe na barua mkononi. Na chagueni kuta ambazo watu wa hapo wanazijali, shule, kliniki, kisima, kanisa, msikiti, hizo hazifutwi ovyo.

Na tokeni mwone wadudu. Julai usijisumbue sana, baridi ya Nairobi inawaficha, kipepeo anahitaji jua ndio aruke. Baada ya mvua jua likianza kutoka ndio wakati. Karura ni hekta zaidi ya 1,000 za msitu ndani ya mji, ule ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea 1999, na ukitembea polepole njia za kando ya mto utawaona chini kwa matope wakinywa chumvichumvi, wamekaa kimya, unaweza kuchora kila mstari. Beba daftari na penseli, simu iache mfukoni kwanza.

Saa hii tunaongea na wakazi wa ploti moja kubwa kuhusu ukuta wao wa kona, una pande mbili, mmoja unaangalia barabara na mwingine unaingia ndani ya mtaa. Nataka kumchora Precis octavia. Huyu wa msimu wa mvua ni wa rangi ya chungwa nyekundu na madoa meusi, na wa kiangazi, aina ile ile moja, watoto wa mama mmoja, anatoka bluu iliyokolea na madoa mekundu pembezoni, mpaka zamani wataalamu walidhani ni vipepeo wawili tofauti. Upande wa barabara utakuwa wa mvua, upande wa ndani wa kiangazi, na pale kwa kona yenyewe nitaweka pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo, akining'inia chini ya jani, nusu upande huu na nusu ule. Akina mama wa chama wamekubali kununua undakoti, mwenye ploti ametoa ngazi na jukwaa. Bluu nzuri bado ni bei, kwa hivo tutaanza na upande wa mvua, redoksaidi ninayo ya kutosha.